Boriti ya Tatu

Jumapili, Januari 8, 1984

Boila imewashwa saa kumi na mbili asubuhi. Mvuke mzuri. Nje baridi ya kukata masikio.

Bwana Kostka, mwenye jumba, amenipa daftari hili niandike joto na mvuke kila siku. Nitaandika. Ila kurasa ni nyingi, na tangu Arletha afariki sina wa kumsimulia, kwa hiyo nitaandika na mengine. Kostka akitaka kusoma asome. Hata barua za wapangaji wake hasomi.

Mimi ni Lemuel Gaddis, fundi seremala, shemasi wa kanisa letu upande wa kusini wa Chicago, miaka hamsini na mbili, magoti mabovu. Jumba hili lilikuwa ghala la karatasi. Chini kuna boila, choo, na ukumbi mtupu. Juu wamepanga vijana wanaocheza tangu Jumamosi usiku hadi Jumapili adhuhuri. Anayewapigia santuri ni mwanangu Lavelle.

Nilimfukuza nyumbani miaka miwili iliyopita, siku aliponiambia anampenda nani, na hakutaja jina la msichana. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema Mungu ataliangusha jumba wanalochezea, liwaangukie vichwani. Watu wakaitikia amina. Lavelle alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, amekuja kumwona mama yake, na mimi sikujua mpaka baadaye.

Kanisani nimewaambia nimechukua kazi hii kwa sababu ya mshahara. Uongo mtupu. Nimeichukua ili nijue kama yuko hai.

Jumatatu, Januari 9

Baridi. Boila inakoroma kama mjomba wangu. Hakuna jipya.

Jumapili, Januari 15

Leo mlinda mlango wao ameshuka kuniletea chakula. Jitu la miaka arobaini, mabega ya mpakuzi wa meli, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Wanamwita Petunia.

"Wewe ndiye mzee wa moto?" akaniuliza. "Kula, baba yangu. Kuku na mkate wa mahindi. Usiniangalie hivyo, sijatia sumu. Sumu ni ghali."

"Nina chakula changu."

"Soseji baridi kwenye mfuko wa karatasi? Ala! Huyo mkeo hakupendi."

Nikamwambia mke wangu amefariki. Akaiweka sahani juu ya kiti changu, akasema pole, tena kwa adabu. Halafu akanitazama usoni muda mrefu. Lavelle ana pua yangu, huwezi kuificha.

Kuku alikuwa mtamu. Nimekula wote nikaenda kanisani nimechelewa.

Jumapili, Januari 22

Kuna kitu kimebadilika huko juu, na sikipendi.

Mpaka juma lililopita Lavelle alikuwa akipiga santuri za watu wanaopiga vyombo kwa mikono. Miguu ya wachezaji ilikuwa ikidunda kama mvua ya mawe juu ya bati, huku na kule. Leo nimesikia mdundo mwingine. Dum, dum, dum, dum. Hauchoki, hauchelewi, hauwahi. Besi inapita ukutani hadi kwenye meno. Nikamuuliza Petunia nani huyo anayepiga ngoma. Akacheka. "Hakuna mtu, mzee wangu. Ni mashine. Kisanduku hivi, kama redio. Lavelle amekiunga na santuri, watoto wamepagawa!"

Nikasimama katikati ya ukumbi mtupu nikatazama dari. Miguu yote ilikuwa inatua pamoja. Mia tatu, labda zaidi, mguu mmoja. Kila ilipotua, vumbi lilidondoka kwa mstari ulionyooka, chini ya boriti ya tatu kutoka dirishani.

Jumatatu, Januari 23

Nimepanda ngazi na tochi. Boriti ya tatu ina ufa upande wa chini, urefu wa mkono wangu. Mbao ya zamani, nzuri, lakini ncha yake ukutani imekula maji. Nimechukua karata zangu nikaingiza moja ndani ya ufa. Imeingia yote.

Jumanne, Januari 24

Nimempigia simu Kostka.

"Gaddis, jumba hilo lilibeba karatasi tani na tani kabla hujazaliwa."

"Karatasi hairuki, bwana."

"Weka nguzo. Mbao ziko uani."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bwana Kostka."

"Ndiyo maana nimekwambia weka nguzo," akasema, akakata.

Jumapili, Januari 29

Ufa sasa unameza karata mbili pamoja.

Vita vya Korea nilikuwa na miaka ishirini. Tulifika kwenye daraja la mbao na sajini akapiga kelele: acheni kwenda sawa, daraja litakatika! Kila mtu avuruge mguu wake! Tukavuka kama walevi. Nilimwona mjinga. Leo nimekaa chini ya dari hili nikisikia mguu mmoja wa watu mia tatu, nikamkumbuka sajini yule mpaka jasho likanitoka, na theluji iko dirishani.

Jumatano, Februari 1

Nimesimamisha nguzo tatu, na jeki ya lori chini ya ile ya katikati. Mgongo umekufa.

Jumapili, Februari 5

Sijaenda kanisani leo.

Saa tatu asubuhi nilikuwa nazungusha jeki nikasikia juu ya ule mdundo sauti ya mwanamke. Peke yake, haina kinanda wala kwaya. "Bwana, nifungulie, nje kuna baridi." Nikaijua kabla neno halijaisha. Ni Arletha. Mke wangu, aliye kaburini tangu Septemba, anaimba darini na watu wanamfokea kwa furaha.

Choo kiko chini huku, na mpiga santuri naye ni binadamu. Lavelle hutia kanda ndefu, akashuka mbio, ana dakika nane. Nimekuwa nikijificha nyuma ya boila kila anapopita. Leo nilisimama mlangoni.

Amekonda. Ana ndevu. Hakushtuka, kwa hiyo Petunia alikuwa amekwisha kumwambia.

"Ile ni sauti ya mama yako," nikasema.

"Ndiyo."

"Umemtia mama yako kwenye disko!"

"Si disko, Mzee. Disko walishaichoma, santuri zake zote, katikati ya uwanja wa mpira hapa hapa mjini, umesahau? Vijana wakienda dukani siku hizi wanaulizia muziki wa jumbani. Ndio huu."

"Alikuwa akimwimbia Mungu."

"Na huku wanamwitikia kuliko kule kwenu. Panda ukasikie."

"Sipandi ng'o!"

"Basi." Akanawa mikono. "Kanda ile alinipa mwenyewe, hospitali. Akaniambia, mwanangu, kanisani wananisinzilia."

Sikujua kwamba Lavelle alikwenda hospitali. Nilikuwa nikikaa pale kila jioni, na yeye alikuwa anakuja asubuhi nikiwa kazini, na Arletha hakuniambia hata siku moja. Alijua ningefanya nini.

Jumanne, Februari 7

Silali. Naota dari.

Jumapili, Februari 12

Nimemwambia. Nilingoja kanda ndefu, nikamshika mlangoni mwa choo, nikasema yote kwa pumzi moja: ufa, karata, daraja la Korea, ile mashine. Nikamwambia mpiga ngoma wa kweli hukosea kidogo, na kule kukosea ndiko kunakoiokoa sakafu. Mashine haikosei. Rudisha santuri za zamani, nikasema, au punguza watu.

Akacheka, kicheko kibaya. "Sasa umeamua kumsaidia Mungu?"

"Lavelle..."

"Ulisema litatuangukia. Nilikuwepo, Baba. Kiti cha nyuma. Miaka miwili unangoja halijaanguka, sasa unaniletea habari za ufa."

"Njoo uone kwa macho yako! Ni hatua kumi tu."

"Kuna watu huko juu wamefukuzwa makwao kama mimi. Juma zima wanatukanwa, wanasukumwa, wanapigwa na polisi. Wana mahali pamoja tu pa kuwa watu. Na wewe ndiye wa kutuambia tutoke? Wewe?"

Kanda ilikuwa inaisha, nikaisikia inapungua. Akapanda ngazi mbili mbili.

Mdomo uliponza kichwa, lakini hiki si kichwa changu peke yangu.

Jumatatu, Februari 13

Nimeinua simu niwaite wakaguzi wa jiji. Imeita mara mbili, nikakata. Wakija watapiga kufuli, na Lavelle atajua ni mimi, na sitamwona tena mpaka mmoja wetu azikwe. Mimi ni mwoga. Naandika hapa ili lisomeke.

Jumapili, Februari 26

Karata mbili, hazijaongezeka. Nguzo zimekaa.

Nimewaona leo wakitoka, maana nimeacha kujificha. Nilidhani nitaona sijui nini. Ni watoto. Wamelowa jasho, wanatafutana makoti, mmoja anamfunga mwenzake kamba za viatu. Msichana mmoja akaniamkia, akaniambia asante kwa joto. Petunia hamruhusu mtu kutoka bila kofia kichwani. "Wewe! Masikio hayo utaokota barabarani!" Arletha alikuwa akimfanyia Lavelle vivyo hivyo.

Huko juu hawanywi pombe. Maji ya machungwa tu. Kwenye mkutano wetu wa mashemasi huwa nasikia harufu mbaya kuliko hiyo.

Nimejikuta nawahesabu wanapotoka, mpaka wa mwisho. Halafu ndipo pumzi inanitoka.

Jumapili, Machi 4

Theluji inayeyuka. Maji yanateremka ukutani hadi kwenye ncha ya boriti ya tatu. Mbao ukiibonyeza kidole kinazama. Karata nne.

Nimempigia Kostka mara sita. Yuko Florida.

Alhamisi, Machi 8

Mvua. Nimeongeza nguzo nyingine mbili. Nimejaribu kuomba nikashindwa. Nitamwambia nini? Nilimwomba aliangushe. Sasa nikimwomba aache atanisikia lipi?

Jumapili, Machi 11

Naandika polepole, yote, kabla sijalala.

Nilifika saa kumi na mbili. Mvua ilinyesha usiku kucha. Nguzo ya katikati ilikuwa imeinama. Sikuhitaji karata, nilitia kiganja. Na huko juu dum, dum, dum, dum, na kila mdundo ufa ulifunguka na kufumba kama mdomo wa samaki. Nikazungusha jeki mpaka kifua kikauma. Ilikaa kidogo. Saa tatu na nusu boriti ikalia. Mbao ikivunjika taratibu hulia, fundi yeyote anaijua sauti ile.

Nikapanda. Mwezi mzima nimesema sipandi ng'o, nikapanda ngazi zile na magoti yangu haya. Petunia alikuwa mlangoni. "Shemasi! Leo umekuja kuokoka?" Alipouona uso wangu akaacha utani.

Nikamwambia, "Sakafu inakwenda. Ukisema kwa sauti watakimbia wote mlangoni, na hapo ndipo itakapokwenda."

Yeye hakuniuliza ushahidi. Akasema, "Mwambie Lavelle. Watamfuata yeye tu."

Nilipita kandokando ya ukuta. Nilitegemea kuona Sodoma. Nikaona watu wamefumba macho, mikono juu, mama mtu mzima anawapepea kwa pepeo la karatasi kama wale wazee wetu wa kanisani mtu akipandwa na Roho. Na sakafu inapanda na kushuka chini ya viatu vyangu. Wao wanadhani ni muziki. Niliogopa kuliko Korea.

Lavelle alikuwa juu ya jukwaa dogo, ameinamia santuri. "Baba? Unafanya nini hapa?"

"Imefika. Watoe."

"Usianze."

"Sikuombi uniamini," nikamwambia sikioni. "Niliyasema yale maneno, na si haki yangu kuaminiwa. Mimi nashuka. Nakwenda kuishika na jeki. Ukiona vyema uendelee kupiga, piga."

Nikageuka. Akanikamata mkono wa koti. "Utasimama wapi?"

"Chini ya boriti ya tatu."

"Baba, itakuangukia!"

Tukatazamana. Aliyasikia mwenyewe aliyoyasema. Rangi ikamtoka usoni, naye ni mweusi kama mimi.

"Toa ngoma," nikasema. "Usizime yote. Toa ngoma tu, wavuruge miguu."

Nikashuka. Sijui nilishukaje. Nilishika mkono wa jeki, nikakaza, vumbi likinijaa machoni, boriti ikilia inchi chache juu ya kichwa changu. Dum. Nikasema Arletha, naja. Dum. Nikasema Bwana, lile ombi langu la kwanza, lichane.

Halafu ngoma ikakoma.

Kukawa hakuna besi, hakuna mashine, hakuna kitu. Ila yeye. "Bwana, nifungulie, nje kuna baridi." Peke yake, kama alivyokuwa akiimba jikoni akiosha vyombo. Juu watu wakapiga mayowe, wakidhani ngoma itarudi kama ilivyo kawaida, huwaondolea ili warukie ikirudi. Haikurudi. Lavelle akarudisha kanda, akaanza tena mwanzo. Wakaanza kuimba naye. Na miguu ikavurugika. Nikaisikia, kila mtu na wake, mvua ya mawe juu ya bati. Boriti ikanyamaza.

Nikamsikia Petunia: "Makoti, wapenzi wangu! Kumi kumi, ukutani, taratibu kama harusi! Atakayekimbia namng'oa wigi mbele za watu!"

Arletha aliimba mara tano. Nilikuwa nahesabu miguu ya ngazini mpaka nikapotea. Mikono ikafa ganzi. Nikasikia mtu anakuja mbio upande wangu.

"Wametoka wote," Lavelle akasema. "Petunia ametoka. Achia, Baba."

"Nikiachia?"

"Achia twende!"

Hakuondoka mlangoni. Nikaona hatakwenda bila mimi, nikaachia. Akanivuta kwa kola kama mbuzi. Boriti ikalia mara moja, ndefu, ikabaki imening'inia.

Nje barabarani walikuwa wamesimama kwenye matope ya theluji, mvuke unawatoka vichwani, na bado walikuwa wanaimba ule mstari mmoja. Wengine walinitukana, mzee mchawi ametuharibia asubuhi. Sawa tu. Nikakaa ukingoni mwa barabara nikalia kwa sauti. Lavelle alisimama karibu yangu. Hakunigusa, lakini hakuondoka.

Jumanne, Machi 13

Joto: hakuna. Mvuke: hakuna. Boila nimeizima mwenyewe Jumapili.

Limeanguka saa sita na robo mchana. Boriti ya tatu kwanza, halafu ya pili na ya nne, halafu sakafu yote na spika zake. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Lilichukua muda mfupi kuliko kusema amina.

Jumapili, Machi 18

Kanisani Mchungaji Bivins aliniita mbele. "Ndugu zangu, shemasi wetu alinena miaka miwili iliyopita, na Bwana ametenda!" Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akanishika bega: "Mungu amekusikia, Lemuel."

Nilisema hivi, sijabadili neno. "Limeanguka kwa maji ya mvua na mwenye jumba bahili. Siku mbili kabla, mtoto wa Arletha alikuwa ndani, na watoto wa watu wengine mia tatu. Waliosema amina siku ile wasimame." Hakusimama mtu. "Mimi ndiye niliyesema. Mimi nimesimama."

Nikatoka na kofia yangu mkononi. Hakuna aliyenifuata, ila mpiga kinanda alinipungia mkono.

Jumapili, Machi 25

Nyumbani. Jumapili ndefu. Simu haikulia.

Ijumaa, Aprili 6

Simu imelia saa moja jioni. "Baba, tumepata jumba jingine. Petunia anasema hafungui mlango mpaka uje na karata zako."

Jumamosi, Aprili 7

Saa tano asubuhi, jua kali, jumba la matofali karibu na reli. Sakafu ya zege juu ya vyuma. Nimekagua nguzo zote, kona zote, nimegonga kwa nyundo, nimejaribu karata kila kiungo. Haikuingia hata moja. Lavelle alikuwa ananifuata na tochi.

"Ni nzima?" akauliza.

"Ni nzima. Lakini sakafu haipimwi kimya."

Akaenda kwenye kile kisanduku chake na spika moja. Dum, dum, dum, dum. Petunia akaegemea mlango akikunja mikono. "Haya, Shemasi. Tuonyeshe hayo magoti."

Nikaruka. Mzee mzima, na suti ya kanisani, katikati ya ukumbi mtupu, kila mdundo mguu. Nilikuwa nikitegemea kusikia ile sauti ya mbao. Lavelle akamtia mama yake juu ya ngoma. Nikaruka mpaka pumzi ikaniishia, nikakaa chini, nikaweka kiganja sakafuni. Hakuna kitu.

Bado naogopa. Nadhani nitaogopa kila Jumapili niliyobakiwa nayo.

"Kesho nitakuja saa kumi na mbili asubuhi," nikamwambia.

"Kuwasha boila?" Lavelle akauliza.

Jumba hili halina boila. Nikamwambia ndiyo.